Swichi ya Ghorofa ya Tatu

Sadalla alipofariki, mkewe Mauza hakulia. Wanawake waliojaa sebuleni walimshika mabega wakamsihi, "Lia, mwanangu, usikae na kitu moyoni." Mauza akawatazama kama anayetazama watu walio nyuma ya kioo, midomo inacheza, sauti inafika kwa kuchelewa. Walipotulia aliuliza swali moja tu: kama sanda itatosha, maana Sadalla alikuwa mrefu. Mama mkwe wake, Bi Siti, aliyekuwa ameketi mkekani na miwani ya mwanawe mapajani, akamjibu, "Imetosha, mama." Basi.

Ni presha iliyomwondoa Sadalla. Alianguka bafuni asubuhi, mswaki mkononi, na kabla ya adhuhuri daktari alikuwa ameshatoka nje kuwapa habari.

Mauza akakaa eda nyumbani kwa Bi Siti, Mtaa wa Likoma. Alipewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka wala kuonana na mwanamume asiye ndugu, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Watu walimwonea huruma kwa kufungiwa ndani mtu aliyezoea kuzunguka. Mwenyewe hakuona tofauti. Hata angewekwa katikati ya uwanja wa mpira angeketi vilevile. Alikunja shuka, alikula alicholetewa, alisali, alikaa. Kelele za Kariakoo zilimfikia pale pale kitandani, honi na vipaza sauti vya wauza nguo na wasukuma mikokoteni wanaoomba njia, naye alizisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa amelala.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kazi. Alizaliwa Mtaa wa Narung'ombe, kwenye ukoo wa Waarabu waliouza vitambaa tangu enzi za babu, na kama angefuata walivyotaka wajomba zake angekuwa nyuma ya kaunta mpaka leo. Akachagua chuo cha kompyuta, na huko chuoni akampata Sadalla, kijana wa Magomeni asiyejua kunyamaza. Walipooana wakaanza kazi ya kufunga mitandao kwenye majengo ya biashara. Waligawana bila hata kukubaliana. Sadalla alipanda ngazi, akatoboa kuta, akavuta nyaya. Mauza alikaa na kompyuta, akapanga kila waya upite wapi na nani aruhusiwe nini. Sadalla hakuwa na subira ya kuandika amri zile, na Mauza hakuwa na subira ya watu.

Jengo lao kubwa lilikuwa moja la Mtaa wa Sikukuu, la ghorofa sita, maduka juu mpaka chini. Ghorofa ya tatu, kwenye kabati jembamba kando ya ngazi, kulikuwa na swichi: boksi la chuma lenye matundu ishirini na nne, kila tundu na waya wake, kila waya na duka lake. Intaneti ya jengo zima ilipita humo. Mashine za risiti, kamera, oda za wateja wa Songea na Lubumbashi, vyote vilitegemea boksi hilo lipumue.

Arobaini ilipokwisha kusomwa, alikuja Theopista. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba anayeuza nguo za watoto wachanga ghorofa hiyo hiyo ya tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kivuko. Aliingia amejifunga kanga mbili kwa heshima ya nyumba ya Kiislamu, akaketi sakafuni, akamshika Mauza mkono, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa maishani mwake.

"Shoga yangu," alisema mwishowe, "nilisema sitakuletea habari za mjini. Lakini ukizisikia kwa mwingine utasema mbona Theo alinificha. Intaneti ya jengo imekuwa ugonjwa. Kila alasiri inaganda. Sheikhan anapanda, anachomoa, anachomeka, inarudi, kesho inaganda tena. Sasa anasema atatafuta mafundi wengine."

Sheikhan alikuwa msimamizi wa jengo.

"Atafute," alisema Mauza.

"Wewe huumii?"

Mauza alijipima kama anaumia. Hakukuta kitu. "Kuna waya mmoja mbovu," akasema. "Au mtu kachomeka vibaya. Kuna kinachoizidi nguvu."

"Sasa si uitengeneze?"

"Haiwezekani kwa mbali."

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Swichi ile iliweza kuendeshwa kutoka popote, hata mtu akiwa kitandani kwake, lakini sharti kwanza mtu aiendee, achomeke waya wake maalumu, aipe anwani yake yenyewe na nywila na mlango wa kupitia. Kila mwaka Sadalla alisema ataifanya kazi hiyo. Hakuifanya. Mauza alijua sababu: Sadalla alipenda kwenda. Kuzima na kuwasha boksi lilikuwa jambo la dakika, lakini likimwita alipotea asubuhi nzima, maana kila ghorofa kulikuwa na mtu wa kutaniana naye.

"Naweza kuielekeza nikiwa hapa," Mauza alijisikia anasema. "Ila nahitaji mikono."

Theopista akanyoosha yake. "Hii hapa. Imezoea kufunga nepi, lakini ipo."

Bi Siti alitaka kwanza kujua dini inasemaje. Alimtuma binamu yake msikitini, na jibu likarudi kwamba kazi ya halali ndani ya nyumba haina ubaya, na mazungumzo na wanaume yawe ya lazima tu. "Hao wanaume nitaongea nao mimi," alisema Bi Siti, na jambo likaisha.

Siku iliyofuata Theopista alisimama mbele ya kabati akiwa na kompyuta ya Sadalla mikononi na simu yake ikimwonyesha Mauza kila kitu kwa video. Picha ilitetemeka. Mauza aliona vumbi, nyaya, taa ndogo za kijani zikipepesa.

"Toa ule waya wa bluu nilioweka kwenye mfuko. Upande mmoja uchomeke kwenye kompyuta."

"Tayari."

"Upande wa pili, tafuta tundu lililojitenga na wenzake, kulia kabisa."

"Yapo mawili yamejitenga, yamepeana mgongo kama mume na mke waliogombana."

"La juu."

Kikasikika kimlio. Kutoka chumbani kwake, kompyuta yake mwenyewe mapajani, Mauza akaishika kompyuta ile kwa kutumia intaneti ya simu ya Theopista, na kioo cheusi kikamfungukia. Akabonyeza, akaandika nywila, akaingia. Jina la swichi likatokea mstari wa kwanza, jina alilolipa Sadalla: *bi-mkubwa*.

Mauza alisoma jina lile, akaendelea. Akaita orodha ya matundu. Kila tundu lina nafasi ya maelezo mafupi, na mafundi wengi huandika namba ya duka. Sadalla hakuwa fundi wa namna hiyo.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Theopista.

"Ameandika mambo."

"Nani?"

"Sadalla. Tundu la tatu: *Zahoro viatu, hukata waya mwenyewe, usibishane naye.*"

Theopista akacheka mpaka picha ikapinduka. "Zahoro kweli! Endelea."

"La tisa: *mama wa mikoba, atakupa chai, kubali.* La kumi na moja: *sijui unaenda wapi, usichomoe.*"

"Na mimi? Mimi nimeandikwa nini?"

Mauza akasoma: "*Theopista. Usimwambie kitu kama hutaki jengo zima lijue.*"

"Ah! Huyu mtu!" Theopista alipiga ukelele kabatini. "Marehemu huyu mshenzi! Mungu amrehemu, lakini mshenzi!"

Bi Siti alikuwa amekuja mlangoni. Ukelele ulimtoa jikoni, kisu cha kukatia vitunguu bado mkononi. "Kuna nini?"

"Maneno ya Sadalla, mama. Aliyaandika kwenye mashine."

Bi Siti akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakujua kompyuta, na herufi za kioo zilikuwa ndogo kwa macho yake. "Nisomee," alisema.

Mauza akamsomea yote, moja moja, kwa sauti ile ile ambayo mtu husomea bei za dukani. Alipofika kwenye chai ya mama wa mikoba, Bi Siti akasema, "Rudia hiyo." Akarudia. Bi Siti akacheka, mabega yakitikisika, na kicheko kikamgeukia katikati. Akajifunika uso kwa kanga, akalia kilio cha chini kisichotaka kusikika.

Mauza alibaki vidole vikiwa juu ya vibonyezo. Aliona kwamba huu ulikuwa wakati ambao mtu mwingine angelia pia. Alisubiri kuona kama kitakuja kitu. Hakikuja. Kilio cha mama mkwe kilipotulia aliuliza, "Niendelee, mama?"

"Endelea," alisema Bi Siti. Mauza hakujua kama alimaanisha kusoma au kazi. Akaendelea na kazi.

Mikono yake ilikumbuka. Aliipa swichi anwani yake, akaitengea njia ya pembeni isiyochanganyika na mambo ya maduka, akafunga mlango wa zamani unaopitisha nywila zikiwa uchi, akafungua ule unaozificha, na akaagiza kwamba yeyote atakayebisha hodi asijibiwe isipokuwa ametokea kwenye kompyuta moja tu, hii iliyo mapajani mwake. Halafu akamwambia Theopista achomoe waya wa bluu, afunge kabati, amrudishie Sheikhan ufunguo.

Akabisha hodi kutoka Mtaa wa Likoma. *Bi-mkubwa* ikaitika. Akahifadhi kila kitu.

Hapo ndipo alipaswa kufunga kompyuta. Lakini alikuwa ameanza kusogea, na mtu aliyekaa muda mrefu akianza kusogea hasimami upesi. Akaona asafishe. Yalikuwapo matundu yaliyo wazi ambayo maduka yake yalishahama. Akayafunga, moja, jingine, jingine. Akafika la kumi na moja. Waya usiojulikana unakoenda ni uchafu kwenye mtandao, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine. Ilibidi atazame kwanza kama kuna kinachopita humo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetazama. Mauza alisoma maneno *usichomoe* kama alivyosoma mengine yote, bila kuyasikia, akafunga.

Kioo kikasimama. Aliandika, herufi hazikutokea. Akasubiri. Akaelewa: waya wa kumi na moja ulikuwa ndio unaopanda paani, kwenye antena waliyoifunga watu wa intaneti wenyewe. Jengo zima lilinywa kupitia pale, na yeye pia. Alikuwa amekata tawi alilokalia.

Theopista alikuwa wa kwanza kupiga simu. "Shoga, kumezima kila kitu. Nina mteja hapa anataka risiti." Kabla hajamaliza, simu ya Bi Siti ikalia sebuleni. Bi Siti akaja nayo mlangoni, ameiweka sauti ya wazi.

"Asalaam alaykum, mama. Shikamoo. Ni Sheikhan wa jengo la Sikukuu. Samahani sana kwa kuwasumbua kwenye msiba."

"Waalaykum salaam. Marahaba, baba. Sema."

"Mtandao umekatika wote. Theopista aliniambia mnaurekebisha. Nilitaka kujua, ni ule ugonjwa wa siku zote au ni kitu kingine?"

Bi Siti akamtazama Mauza.

"Mwambie nimezima mimi," alisema Mauza. "Nimekosea."

"Anasema amezima yeye, amekosea," alisema Bi Siti, kwa sauti ya mtu anayepeleka salamu.

Nyuma ya Sheikhan walisikika watu wakilalamika. Kisha akasema, "Basi na aniambie nifanye nini."

"Afungue kabati. Achomoe waya wa umeme, ule mweusi mnene. Ahesabu mpaka kumi, arudishe." Amri ile ya mwisho Mauza hakuwa ameihifadhi, swichi ikizimwa na kuwashwa ingeamka bila kuikumbuka.

"Anasema ufungue kabati, uchomoe waya mweusi mnene. Uhesabu mpaka kumi." Bi Siti akaisogeza simu mdomoni. "Hesabu nisikie."

Wakahesabu pamoja, msimamizi wa jengo kabatini na mama wa marehemu mlangoni, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akachomeka.

"Taa zimewaka za njano," alisema Sheikhan.

"Mwambie asubiri. Inachukua dakika chache kuamka."

Wakasubiri. Hakuna aliyekata simu. Sheikhan alikohoa. "Bi Siti," alisema, "kila nikifungua hapa natazama pembeni. Kuna ndoo ya rangi ambayo marehemu alikuwa anaigeuza na kuikalia. Bado ipo vilevile, imegeuzwa. Nilifikiri nimwite mfagiaji aiondoe, njia ni nyembamba."

Bi Siti hakulirudia hilo, lakini Mauza alikuwa ameshasikia.

"Asiiondoe!"

Ilitoka kwa ukali, kubwa kuliko chumba. Bi Siti alishtuka. Mauza mwenyewe alishtuka, akaweka kiganja kooni kama anayetafuta sauti ilikotokea.

"Anasema usiiondoe," alisema Bi Siti polepole.

"Nimesikia, mama. Siiondoi." Kisha, "Taa zimekuwa kijani. Naona watu wameacha kulalamika."

Mauza alijaribu tena. *Bi-mkubwa* ikaitika. Safari hii alitazama kila tundu kabla ya kuligusa, na kwenye la kumi na moja akafuta maneno ya mumewe, akaandika: *antena ya paani*. Alifanya hivyo kwa sababu ndiyo sahihi. Mengine yote aliyaacha yalivyo.

Alasiri mtandao ulipoanza kuzubaa alikuwa anautazama. Tundu la tatu lilikuwa linafurika kama bomba lililopasuka. Alilifunga hilo tu, jengo likatulia papo hapo, na Theopista akatumwa kwa Zahoro. Ikagundulika kwamba Zahoro wa viatu alikuwa na waya wa ziada, na kwa kutopenda unavyoning'inia alikuwa ameuchomeka ncha zote mbili kwenye kiboksi chake kimoja cha mtandao, data ikawa inazunguka hapo hapo mpaka inalemea jengo. Kila alasiri alipowasha kiboksi kwa ajili ya kamera, ndipo palipoganda. Theopista alisema Zahoro alibisha sana. Mauza akamkumbusha kwamba Sadalla alishaandika asibishane naye.

Habari za mafundi wengine zikafa zenyewe. Baada ya wiki chache Sheikhan alimpigia Bi Siti kuomba jengo lao la pili, la Msimbazi, lifanyiwe hivyo hivyo. Bi Siti akaipenda kazi ya kupokea simu. Alijua kuuliza, "Taa ni za njano au kijani?" na alimkaripia mtu aliyehesabu haraka kabla ya kufika kumi. Siku moja Mauza alimsikia akimwambia mgeni, "Subiri kidogo, tuko kazini."

Kwa hiyo eda ikapita hivyo. Asubuhi Mauza alifungua kompyuta akatazama matundu yakiwaka moja moja kadiri maduka yalivyofunguliwa, mama wa mikoba kwanza, Theopista akichelewa siku za Jumatatu. Haikuwa furaha. Kilikuwa kitu cha kutazama, na siku zenye kitu cha kutazama ziliisha kwa urahisi kidogo kuliko zile nyingine. Kilio hakikuja. Bi Siti aliacha kukisubiri.

Siku ya kutoka, Mauza alioga, akavaa gauni la rangi, Bi Siti akamfukizia udi mpaka nywele. Akatoka kwa miguu. Jua lilimwangukia usoni, akafumba macho. Mtu wa mkokoteni akampigia kelele asogee, akasogea. Sikukuu palikuwa pale pale. Alipanda ngazi taratibu, akipumzika kila ghorofa kama mgonjwa, na kila ghorofa watu walitoka madukani kumpa pole, naye akasema ahsante, ahsante, midomo ikifanya kazi yake. Kabati la ghorofa ya tatu alilipita bila kulifungua.

Theopista alimkumbatia hadi akakosa pumzi. "Umekonda. Sasa utakuwa unakuja?"

"Hakuna haja," alisema Mauza. "Kila kitu nafanya nikiwa nyumbani. Hata Msimbazi sijakanyaga, na inaenda vizuri."

"Mimi sijakuuliza habari za haja."

Theopista akamvutia kiti cha plastiki mlangoni mwa duka, kati ya mabunda ya nepi na vikofia vya sufi, akaenda stoo kumtafutia mteja saizi. Mauza akaketi, mkoba mapajani. Watu wakapita. Mwanamke mmoja mjamzito akasimama, akachambua vikofia, akachagua cha njano, akamgeukia.

"Dada, hiki kiasi gani?"

"Sijui," alisema Mauza. "Mwenyewe anakuja sasa hivi." Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, apate kumpisha aingie ndani kwenye kivuli.